Tochi Inakuangusha Pangoni: Soma Dalili Kabla ya Kumlaumu Fundi

Tochi nyingi zinazolalamikiwa baada ya safari ya pangoni hazina ubovu wowote. Zilinunuliwa kwa kazi nyingine. Tochi ya kuendea zizini usiku inawaka dakika mbili tatu, inazimwa, inapumzika. Pangoni inatakiwa iwake mfululizo kwa saa mbili au tatu, kwenye unyevu na vumbi, na hakuna mbalamwezi wala taa ya jirani ya kukusaidia ikigoma. Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka kwa fundi wa redio, soma kwanza dalili zake.

Hapa nawaza zaidi mapango ya popo ya Songwe, magharibi ya Jiji la Mbeya, kwenye miamba ya chokaa. (Mto Songwe wa hapa ni ule unaomwaga maji Ziwa Rukwa, si ule wa mpakani na Malawi, wageni huichanganya.) Bonde lile lina chemchemi za maji moto, na mapangoni kuna popo wengi na kinyesi chao, ambacho watu wamekuwa wakikichimba kwa ajili ya mbolea. Mlambalasi kule Iringa, alikofia Mkwawa mwaka 1898, ni habari tofauti: pale umekaa chini ya mwamba mkubwa, jua linaingia, na tochi ndogo inatosha. Nyuma ya maporomoko ya Kaporogwe, upande wa Tukuyu, adui ni maji yanayorushwa hewani. Taa moja haifai kote huko kwa kiwango kilekile.

## Inang'aa dukani, inafifia pangoni

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko. Tochi ilimulika hadi ng'ambo ya barabara pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, lakini dakika tano baada ya kuingia pangoni mwanga umepungua nusu.

Usiifungue bado. Shika kichwa chake. Kikiwa cha moto hadi unataka kuondoa vidole, tochi imejipunguza yenyewe. Taa ya LED yenye nguvu hutoa joto jingi, na saketi iliyo ndani hushusha mwanga ili isijiunguze. Huo si ugonjwa. Iwashe kwa ngazi ya kati tangu mlangoni. Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 200 zinatosha kabisa kutembelea pangoni, na kwa ngazi hiyo haichemki. Ngazi ya juu iache kwa sekunde chache za kutazama dari au kina cha shimo.

Kichwa kikiwa cha baridi, mtuhumiwa ni betri. Yale mawe ya bei ya chini ya zinki na kaboni yanafaa redio ndogo na saa ya ukutani. Hayawezi kutoa umeme mwingi kwa mpigo. Ukiyatia kwenye tochi kali yanajitahidi mwanzoni, kisha volti inaporomoka. Zima, subiri kama robo saa, washa tena. Mwanga ukirudi kwa muda mfupi halafu ukafifia, umepata jibu: betri zimechoka, au ni za aina isiyoweza kazi hiyo. Badili uweke za alkalini, au zile za kuchaji za volti 1.2. Usitishwe na hiyo 1.2 kuonekana ndogo kuliko 1.5, betri za kuchaji zinashikilia volti yake karibu hadi mwisho, wakati alkalini inateremka taratibu tangu dakika ya kwanza.

Kuna chanzo cha tatu ambacho hakuna duka linalouza dawa yake. Umetoka kwenye jua kali la mchana ukaingia gizani, na macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa. Kuta zilizoiva weusi nazo zinameza mwanga. Kaa mlangoni kidogo, funga kofia, kagua kamba za viatu. Watu wanaoingia mbio ndio wanaotaka tochi kubwa kupita kiasi.

## Chaji haifikii saa zilizoandikwa

Boksi linasema saa 20, wewe umepata nne. Mara nyingi boksi halijasema uongo wote. Watengenezaji wanaofuata kanuni ya upimaji iitwayo FL1 huhesabu muda hadi mwanga ubaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. Saa zile 20, basi, zinajumlisha saa nyingi za mwanga wa kukutafutia viatu chini ya kitanda. Hata umbali ulioandikwa una ujanja wake: kwa kanuni hiyohiyo ni mahali ambapo mwanga umefikia kiasi cha mbalamwezi. Kwa mtu wa pangoni, tarakimu ya kutafuta ni muda wa ngazi ya kati. Isipoandikwa, ikokotoe mwenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya lithiamu ya 18650 (milimita 18 kwa upana, 65 kwa urefu) yenye 3,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) na volti 3.6 ina takriban wati-saa 11. LED nzuri hutoa, kwa makadirio ya tahadhari, lumeni 100 kwa kila wati. Basi betri hiyo inakupa kama lumeni 1,100 kwa saa moja, au lumeni 110 kwa saa kumi. Ukiongeza mwanga, muda unapungua. Ukiona tochi ya betri moja imeandikwa lumeni 50,000, irudishe rafuni kwa adabu.

Sasa betri zenyewe. Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea. 18650 bora kabisa zilizozoeleka sokoni hazivuki sana 3,600 mAh. Ile iliyoandikwa 9,900 mAh, tena mara nyingi ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, ni uongo uliofungwa plastiki. Dawa ya kuigundua ni uzito. Ya kweli ina gramu 45 hadi 50. Za uongo mara nyingi zina betri ndogo ndani ya ganda kubwa, na zimewahi kupasuliwa zikakutwa zimejazwa unga au mchanga. Mnunuzi yeyote wa dhahabu ana mzani mdogo, na kwa mkoa wenye Chunya hao hawakosekani, mwombe akupimie. Ikisoma gramu 30, usiitie tochini, na usiichaji usiku huku umelala.

Ukiwa na mita ya fundi, 18650 iliyojaa husoma volti 4.2. Ikisoma chini ya 3.0, imekwisha. Iliyoshuka chini ya 2.5 ikakaa hivyo muda mrefu ni bora iagwe kuliko kulazimishwa kuchaji.

Baridi nayo inakula chaji. Anayelala Uporoto au kandokando ya Kitulo mwezi Juni au Julai, tochi ikiwa nje ya hema, asishangae asubuhi kuikuta imenyong'onyea. Kemia ya betri hupooza kwenye baridi, hasa ya alkalini. Ilaze ndani ya mfuko wa kulalia au kwenye koti, na chaji itarudi yenyewe ikipata joto. Lithiamu isichajiwe ikiwa imeganda. Iache ipate joto la chumba kwanza.

Zile tochi kubwa za kuchaji zenye pini mbili zinazojikunja mgongoni, ambazo karibu kila nyumba inayo moja kwa ajili ya umeme ukikatika, nyingi zina betri ya risasi na asidi ndani. Betri hiyo haitaki kukaa tupu. Ikikaa wiki kadhaa bila chaji, chumvi hujenga kwenye sahani zake, na baada ya hapo taa ya kijani inakuambia imejaa ilhali inabeba dakika kumi. Hakuna kuponya, ni kubadili betri. Isitoshe ni nzito, inashikwa mkononi, na mkono pangoni una kazi nyingine.

## Inazima ghafla, au inapepesa

Tofautisha kwanza jinsi ilivyozima. Iliyofifia kidogokidogo hadi kuzima ni betri iliyokwisha kwa kawaida. Iliyozima kama umekata waya, kisha haiwaki hata kidogo, inaweza kuwa lithiamu yenye kinga: saketi ndogo kitakoni mwake hukata umeme chaji inapofika chini ili betri isiharibike. Hiyo haikupi onyo. Ndiyo sababu tochi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha kiasi cha chaji ina thamani kubwa pangoni kuliko tochi yenye mbwembwe za kupepesa kama gari la polisi.

Inayozima ukiigonga au ukiruka jiwe, kisha ikawaka tena, ina mgusano mbaya. Fungua mfuniko wa nyuma. Futa nyuzi za mfuniko na ncha za betri kwa kitambaa kikavu, au kwa pamba yenye spiriti. Vuta springi kidogo ikiwa imelala. Vumbi la kinyesi cha popo ni laini mno, na likichanganyika na unyevu linaganda kwenye nyuzi na kuzuia umeme kupita. Usisafishe humo pangoni isipokuwa umelazimika, kwa sababu springi ikianguka kwenye kinyesi cha popo kilichorundikana, haipatikani.

Angalia pia urefu wa betri. 18650 yenye kinga inaweza kuwa ndefu kwa milimita tatu au nne kuliko ya kawaida. Kwenye tochi iliyobana, mfuniko haufungi hadi mwisho. Kwenye tochi iliyopwaya, betri fupi inacheza. Zote mbili zinapepesa.

Kwenye tochi za mawe matatu au manne, kosa la kawaida ni kuchanganya mapya na ya zamani, au aina mbili tofauti. Lile dhaifu linaburutwa na wenzake hadi linageuzwa chaji yake, na ndilo linalovuja. Ukikuta unga mweupe wa alkalini, tone la siki au limau kwenye kijiti cha pamba linauondoa. Futa kwa maji kidogo, kausha kabisa. Usiguse kwa vidole vitupu halafu ukapangusa macho.

## Umeijaza jana, leo imekufa

Iliwaka yenyewe ndani ya begi. Swichi ya kubonyeza kwa upole, iliyobanwa kati ya chupa ya maji na sufuria kwenye Noah yenye abiria wa ziada, itawaka tu. Tochi nyingi za chuma zinafungwa kwa kulegeza mfuniko wa nyuma robo mzunguko. Mkondo unakatika, na hakuna kubonyeza kutakakoiwasha. Nyingine zina namna ya kufunga swichi kwa kubonyeza mara nne. Isiyo na lolote kati ya hayo, geuza betri moja au toa kabisa.

## Ukuta mweupe mbele ya macho

Watu huulaumu mwanga kwa hili, wakadhani ni hafifu, wakaongeza, na mambo yakazidi kuwa mabaya. Mvuke wa pumzi yako, vumbi lililopeperushwa na miguu ya waliotangulia, na unyevu wa pangoni vinarudisha mwanga moja kwa moja machoni kwa sababu tochi ya kichwani iko sentimita chache tu juu ya macho. Dereva aliyewahi kupita mlima Nyoka kwenye ukungu akiwa na taa kubwa anaijua hali hiyo.

Punguza ngazi. Kisha vua tochi uishike kiunoni, au washa ya mkononi uishushe usawa wa mkanda, uzime ya kichwani. Mwanga ukitoka pembeni ya macho, ukuta mweupe unapasuka.

Ikiwa mwanga wenyewe umekuwa na duara la ukungu, tazama kioo. Asubuhi ya Mbeya tochi imepoa. Ukiingia pangoni kwenye hewa yenye joto na unyevu, maji yanajikusanya kwenye kioo kwa nje. Hayo yanafutika, na yataisha tochi ikipata joto. Ukungu ulioko ndani ya kioo ni habari nyingine, nenda kwenye suala la maji hapo chini.

## Mwanga upo, lakini unajikwaa

Mwale wako ni mwembamba mno. Tochi zinazouzwa kwa kujivunia kufika mita 500 zinakusanya mwanga wote kwenye sahani moja mbele yako, na kando kote ni giza totoro. Unaona jiwe lililo mbali, huoni shimo lililo karibu na kisigino. Pangoni taa kuu iwe ya mwanga uliotandaa, na ile nyembamba iwe ya pili, ya kuchungulia kina.

Hata mwanga uliotandaa, ukitoka kwenye paji la uso pekee, unafuta vivuli. Kila kitu kinaonekana bapa, na shimo linaonekana kama doa. Mwanga wa pili kutoka chini, usawa wa kiuno, unarudisha vivuli na unaona kina. Ujanja huohuo unafaa Igeleke pale Iringa: michoro ya miambani husomeka vizuri ukimulika kwa kuinamisha mwanga kutoka pembeni, badala ya kuupiga usoni. Na kule usipeleke kabisa kitu chenye moshi.

Rangi ya mwanga nayo ina kazi. Ule mweupe wa kuelekea buluu unang'aa sana kwenye chokaa kavu na kuchosha macho haraka. Mweupe wa joto kidogo, kama wa saa nne asubuhi, unatofautisha vizuri jiwe kavu, jiwe bichi na tope. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko lumeni 300 za ziada, ingawa wauzaji wengi hawatakuelewa ukiliulizia. Waombe tu wakuwashie mbili kwa pamoja ukutani, uchague.

## Maji yameingia

Soma alama ya IPX. IPX4 inavumilia matone na mvua. Hiyo inatosha Songwe kwenye njia kavu. IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, na ndiyo ya Kaporogwe au popote penye kuvuka maji. Iliyoandikwa tu "haiingii maji", bila alama, ichukulie kama inaingia.

Tochi yenye alama nzuri ikivujisha, kagua pete ya mpira kwenye nyuzi. Imekauka, imepasuka, au ina chembe ya mchanga. Isafishe, ipake grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya mgando ya kujipaka huvimbisha baadhi ya mipira, yaache. Iliyokwisha kuingia maji ifungue yote, toa betri, ianike kivulini siku mbili tatu. Usiichaji kabla. Kifuniko kidogo cha mpira kwenye tundu la USB ndicho kinachosahaulika wazi mara nyingi kuliko chote.

## Popo wanavurugika

Hiyo ni dalili pia: taa yako inaelekezwa mahali pasipofaa. Popo waliolala wakimulikwa kwa mwanga mkali mweupe wanaamka, wanaruka, wanamwaga vumbi na mkojo, na jike mwenye mtoto anaweza kumwangusha. Tumia mwanga mwekundu au ngazi ya chini kabisa, mulika njia, usimulike dari. Ukitafuta tochi ya kichwani, ile yenye taa nyekundu inayowaka bila kupitia kwanza nyeupe ndiyo bora.

Vumbi lenyewe si la kuchezea. Kuvu aitwaye Histoplasma huota kwenye kinyesi cha popo na huingia mapafuni kwa kuvutwa. Kagera nako kumetokea milipuko ya Marburg mara mbili, 2023 na 2025, na kirusi hicho kinahusishwa na popo wala matunda wanaolala mapangoni. Vaa barakoa inayobana na glovu, usile humo ndani, usiguse popo hai wala mfu. Karabai, kibatari na mienge iache nyumbani: zinakula hewa ya mahali pasipo na upepo, na moshi wake unawatesa popo na wewe pia.

## Zote zimezima

Kanuni ya watembelea mapango duniani kote ni vyanzo vitatu vya mwanga kwa kila mtu, kila kimoja na betri yake. Ya kwanza iko kwenye helmeti, ya pili shingoni au mfukoni, ya tatu ndogo ndani ya mfuko usioingia maji pamoja na betri za akiba. Ukiweza, zote zitumie betri za aina moja ili uweze kuazima kutoka moja kwenda nyingine. Simu ya kitochi si ya tatu. Inahesabika baada ya hizo, kwa sababu inashikwa mkononi na unaihitaji ikiwa na chaji ukitoka.

Ya kwanza ikizima na usiweze kuirudisha, matembezi yamekwisha. Washa ya pili, geuka, toka. Usiseme "tumalizie chumba hiki kimoja". Zikizima zote, keti hapohapo ulipo. Kutambaa gizani kutafuta mlango ndiko kunakowapeleka watu kwenye mashimo. Msaada wako ni mtu aliye nje, kijijini au kwa dereva wa bodaboda aliyekuleta, uliyemwambia saa ya kutoka na saa ya kuanza kuwatafuta. Kama hukumwambia mtu, hiyo ndiyo hitilafu ya kurekebisha kwanza, kabla ya tochi yoyote.

## Ukirudi nyumbani

Osha tochi kwa maji na sabuni ikiwa imefungwa, nje ya jiko. Fungua siku inayofuata ikiwa kavu. Mawe yatoe yote, hata kama bado yana nguvu, uyaweke na karatasi yenye tarehe. Lithiamu ihifadhi ikiwa na chaji karibu nusu, mahali pa baridi kiasi, mbali na dirisha lenye jua na mbali na funguo au sarafu. Ile ya risasi ijaze kila mwezi hata kama huna safari. Kabla ya safari nyingine, iwashe ngazi ya kati usiku mmoja sebuleni na uandike iliwaka kwa saa ngapi. Namba hiyo ibandike kwa plasta kwenye mkanda wake, kisha panga kukaa pangoni si zaidi ya theluthi moja ya muda huo.